Sisi na Polisi: Salamu Kwanza, Kisha Karatasi



Namba hii tulitaka kuijaza na habari za mpira. Tumeacha mpira, kwa sababu kuna neno limeigawanya kalasi yetu na halijapona. Mwezi uliopita, katika somo la uraia, mwalimu alituuliza: "Polisi ni nani kwetu?" Kijana mmoja wa nyuma alijibu bila kuinua mkono: "Ba polisi? Ni bezi tu, mwalimu!" Kalasi yote ikacheka. Na sisi tunaoandika hapa tulicheka, hatutaficha. Ndipo binti mmoja wa viti vya mbele akasimama, akasema, "Papa yangu ni polisi," akakusanya daftari zake akatoka. Siku ile hakurudi, wala kesho yake.

Tangu hapo kuna pande mbili. Wako wanaosema binti alikasirika bure, maana kila mtu anajua mambo ya polisi. Wako wanaosema kijana aombe musamaha mbele ya wote. Sisi wa gazeti tuliona afazali kuwasikiliza wote wawili, kila mmoja kwao, kabla ya kusema neno.

Tuanze na kijana. Si mwongo, na jibu lake lilikuwa na kidonda ndani. Jioni moja alikuwa anatoka kujifunza kwa rafiki yake, maana kwao umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa karibu saa mbili ya usiku. Katika njia inayoshuka upande wa daraja la Lukuga, watu wawili wenye mavazi ya polisi wakamsimamisha.

"Weye mutoto, simama! Karte?"

"Niko mwanafunzi, shefu. Karte ya masomo ni hii."

"Hii ni karte gani? Karte ya kura iko wapi?"

"Shefu, niko na miaka 16."

"Aa, unajua kujibu, eh? Basi leta ya kahawa, upite."

"Sina kitu, shefu."

"Huna kitu. Tutaona."

Akalala katika kasho paka kesho yake saa sita ya mchana. Jina lake halikuandikwa pahali popote. Baba yake alizunguka pahali patatu akimtafuta mtoto, na alipomwona akalipa franga 30.000. Karatasi ya malipo hakupewa. Walimwambia tu, "Shukuru Mungu hatukumupiga."

Hapa tusimame kidogo juu ya ile karte. Katika inchi yetu watu walihesabiwa mara ya mwisho mwaka wa 1984, na kwa miaka mingi sasa mtu mzima anajitambulisha kwa karte ya kura anayopewa na CENI. Mtoto wa miaka 16 hapewi karte ya kura. Kwa hiyo yule polisi aliomba kitu ambacho mtoto hawezi kuwa nacho, na kwa kukosa kitu hicho mtoto akafungwa. Hata kama kijana angekuwa na adabu ya malaika, jibu zuri halikuwako.

Sasa binti. Tulikwenda kwao watu watatu, siku ya posho mchana. Tuliogopa kidogo, tuseme kweli. Baba yake mwenyewe alitupokea, akatupa viti, mama akaleta chai. Kofia yake ya kazi ilikuwa juu ya meza. Alitueleza bila kulalamika sana kwamba viatu anavyovaa kazini alivinunua mwenyewe sokoni, na tochi vilevile. Mshahara unafika ukiwa mdogo, mara nyingine unachelewa. Mama alisema siku moja sokoni mwuza samaki mmoja alikataa kumuuzia ndakala, akamwambia mbele ya watu: "Kwenda na feza zenu za wizi." Mtoto wao mdogo hapendi tena kusema kazi ya baba yake.

Kisha baba akasema neno ambalo tunalo bado masikioni: "Usiku nikisimamisha moto, miye ndiye mutu wa kwanza wa kuogopa. Sijui ule anakuja iko na nini mukononi."

Mmoja wetu akajipa moyo, akamwuliza, "Papa, na zile za kahawa?" Alinyamaza. Aliangalia mlango. Halafu akajibu, "Muniulize ingine." Tulimheshimu kwa jibu hilo, maana hakutudanganya.

Basi, njiani ya kurudi tulizungumza mengi, na haya ndiyo mawazo yetu.

Mkutano wa raia na polisi ni wa dakika tano, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mtu mwenye hofu anapaza sauti. Raia akipaza sauti, polisi anaona amezarauliwa. Polisi akipaza sauti, raia anaona ataibiwa. Hakuna anayemwuliza mwenzake jambo lenyewe ni nini. Katika dakika hizo tano kuna vitu viwili tu vinavyoweza kuwasaidia: salamu, na sheria. Salamu tunazo tangu kwa babu zetu. Sheria tunayo pia, lakini iko katika kitabu cha Kifaransa ambacho wachache wamekifungua.

Tulikifungua katika biblioteki ya masomo. Katiba yetu ni ya tarehe 18 Februari 2006. Sharti lake la 18 linasema kwamba mtu anayekamatwa lazima aambiwe palepale kwa nini anakamatwa, na kwa lugha anayoisikia. Ana haki ya kujulisha jamaa yake mara moja. Hawezi kushikwa na polisi zaidi ya saa 48; saa hizo zikiisha aachiliwe, ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Na akiwa ndani atunzwe kama mtu, afya yake na heshima yake visiharibiwe. Sharti la 17 linasema kosa ni la mwenye kulifanya, mtu hakamatwi kwa kosa la mwingine. (Wazazi wangapi katika mji huu wamelala kasho kwa sababu mtoto wao amekimbia?) Sharti la 183 linasema polisi haina chama, ni ya kutumikia Taifa, na mtu hawezi kuigeuza iwe chombo chake mwenyewe.

Angalieni lile neno la lugha. Sisi wa Kalemie tunasema Kiswahili. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Katiba inazitaja zote nne katika sharti lake la kwanza. Lakini mara nyingi kwenye bariyeri mama mwenye kutoka shambani na kitunga cha mihogo anaulizwa kwa Lingala, na kwa nguvu. Yeye hajui ameulizwa nini. Anasimama kimya. Kimya chake kinahesabiwa kuwa kiburi. Wale waliokimbia vita vya Watwa na Waluba, ambao walijaa katika mji wetu hasa mwaka wa 2016 na 2017, wengi walifika bila karatasi yoyote, nyumba zilichomwa pamoja na kila kitu ndani. Mtu wa namna hiyo akipigiwa kelele kwa lugha asiyoijua, anafikiri ni vita tena. Hatusemi Lingala ni mbaya, nyimbo zake sote tunazicheza. Tunasema tu: polisi anayeanza na "Jambo mama, unatoka wapi?" amekwisha kutimiza nusu ya sharti la 18, na haikumgharimu hata franga moja.

Sasa tufike kwa kahawa, maana hapo ndipo mambo yote yanafungwa.

Kinshasa wanaiita madesu ya bana, maharagi ya watoto. Huku kwetu ni ya kahawa, ya sukari, ya maji. Majina ni matamu, na utamu huo unatudanganya sote wawili. Tunapenda kusema polisi anaomba. Ni kweli, anaomba. Lakini tumesimama siku tatu karibu na njia kubwa ya mjini kuangalia, na tumeona jambo ambalo hatukulipenda. Moto moja inabeba watu watatu, na mara nyingine mbuzi juu. Dereva hana permi, hana kasko, taa ya nyuma haiwaki. Akiona polisi wa rulaje kwa mbali, anatayarisha noti ya franga 1.000 katika kiganja cha mkono wa kushoto. Hasimami hata kusimama. Mikono inagusana, anapita. Kule nyuma abiria anacheka. Tuambieni, hapo nani ameomba? Amandi ya kweli ingekuwa kubwa kuliko ile noti, kwa hiyo tunaipenda kahawa kwa kuwa ni bei rahisi ya kosa letu. Na katika wale abiria tuliwatambua wenzetu wa masomo haya, na mwalimu mmoja. (Hatutamtaja, asifiche kichwa.)

Halafu kesho yake anapita mtu ambaye karatasi zake zote ni nzuri. Polisi amekwisha kuzoea mkono wa kushoto. Anamsimamisha huyu naye, anatafuta kosa, na akilikosa analiumba. Hivi wa kosa analipa 1.000 na wa haki analipa 1.000. Ikiwa bei ni moja, nani atahangaika kutafuta permi?

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Watafiti waliofuata kazi ya polisi wa barabara kule Kinshasa mwaka wa 2015 walieleza kwamba mkubwa wa kituo anampa polisi wa njiani hesabu ya kila siku: ulete madereva kazaa hapa kituoni. Asipofikisha hesabu, shida ni yake. Kwa hiyo yule unayemwona anasimama kwenye jua hachoti kwa kikombe chake peke yake. Kuna ndoo nyuma yake, na nyuma ya ndoo kuna pipa. Kama mambo ya Kalemie ni hivyohivyo, wanaoweza kujibu ni wakubwa wenyewe. Lakini tulipolisoma hilo tulikumbuka yule baba alivyoangalia mlango.

Ndiyo maana sisi hatuamini dawa ya "polisi wawe na tabia nzuri" peke yake, wala ya "raia wawe na heshima" peke yake. Tunaamini karatasi. Amandi ya kweli inaingia katika hazina ya Leta na ina karatasi yake. Kukamatwa kwa kweli kuna PV yenye saa, siku, jina na sahihi. Karatasi inamlinda raia, kila mtu anaona hilo. Lakini inamlinda polisi vilevile: hakuna atakayesema alikula feza, hakuna atakayesema alimpiga mtu aliyefika tayari na kidonda. Kijana wetu angeandikwa jina saa mbili ile ya usiku, baba yake angempata kabla ya saa tatu.

Mtu atasema: ninyi ni watoto, hamjui historia. Tunaijua kidogo. Bazee wetu wanakumbuka Kalemie ilipoitwa bado Albertville, na askari wa Force Publique, ambayo ilianza katika miaka ya 1880, haikuwa ya kulinda mtu mweusi. Ilikuwa ya kukusanya kodi, kupeleka watu kazini, na kupiga. Si ajabu katika lugha yetu kiboko ni mnyama na ni fimbo pia, maana ile fimbo ilikatwa katika ngozi yake. Uhuru ulikuja mwaka wa 1960. Mwaka wa 1972 polisi ilivunjwa ikaingizwa katika Gendarmerie, mwaka wa 1984 ikazaliwa Garde civile, nao wote walizoea kujilipa kwa raia kwa sababu Leta hakuwalipa vizuri. Polisi tuliyo nayo leo imepangwa na sheria ya tarehe 11 Agosti 2011. Mavazi yamebadilika mara nyingi. Ile sauti ya "Weye, simama!" tunadhani imerithiwa bila kukatika.

Na mara nyingine jambo linapita kahawa. Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, mkubwa wa shirika la La Voix des Sans-Voix, aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa. Alikwenda na dereva wake, Fidèle Bazana. Kesho yake Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Mwili wa Bazana haujaonekana. Mambo yalikwenda kortini miaka na miaka. Mwaka wa 2021 mapolisi wawili waliokimbilia inchi ya kigeni walisema kwenye redio ya RFI kwamba walikuwamo katika kazi hiyo na kwamba waliagizwa. Mwaka wa 2022 korti kubwa ya kijeshi iliwahukumu maofisa wa polisi, mmoja wao hukumu ya kifo. Tunalitaja hili kwa ajili ya wenzetu ambao wanataka kuwa mapolisi, na katika kalasi ya sita wako wanne. Mtaambiwa siku moja, "Ni agizo, tii." Sharti la 28 la Katiba linasema mtu hana lazima ya kutii agizo ambalo uovu wake unaonekana wazi, na mtumishi wa Leta anafunguliwa katika utii ikiwa agizo linavunja haki za watu. Lijueni kabla ya kuvaa kofia. Baada ya kuivaa ni vigumu zaidi kulisoma.

Tusijitakase sisi raia, hata hivyo. Mwizi wa kuku akikamatwa katika kartie, nani anakimbia na mawe? Ni sisi. Polisi akifika kumwokoa tunamzomea: "Munawaachilia kesho!" Saa 48 tunazitaka kwa ajili ya ndugu yetu, lakini kwa mwizi hatutaki hata dakika mbili. Mwezi wa Novemba 2013 polisi ya Kinshasa ilianza Opération Likofi, maana yake ngumi, juu ya vijana wahalifu wanaoitwa kuluna. Watu wengi walifurahi, maana kuluna walikuwa wamewatesa kwa mapanga. Kisha vijana wakaanza kutolewa nyumbani usiku na kuuawa, wengine mbele ya mama zao. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2014, lilihesabu vijana na watoto 51 waliouawa na 33 waliopotea. Kati yao wako ambao hawakuwa kuluna hata kidogo. Raia akipiga makofi kwa ngumi inayompiga jirani, ngumi hiyo haiulizi anwani inapogeuka.

Wala si kwetu tu. Mwezi wa Agosti 2021, kule Kianjokoma katika Embu ya Kenya, ndugu wawili wanafunzi, wa miaka 22 na 19, walikamatwa na polisi kwa kuvunja saa ya kulala iliyowekwa sababu ya ugonjwa wa Covid. Walikuwa wanafunga duka. Hawakufika nyumbani. Polisi walisema walijirusha kutoka garini; wazazi na watu wa kijiji hawakukubali, na mapolisi sita wakashitakiwa kwa mauaji. Kuchelewa kidogo, watoto wawili wa mama mmoja. Tulipoisoma habari hii tulimwaza kijana wetu na njia ya Lukuga, tukanyamaza.

Juu ya sisi ambao hatujafika miaka 18 kuna sheria yetu wenyewe, ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto. Mtoto ambaye hajafika miaka 14 hawezi kuhesabiwa mwenye hatia mbele ya sheria. Wa zaidi ya hapo, mambo yake ni ya korti ya watoto, wala si ya kulala na wakubwa katika kasho, na wazazi lazima wajulishwe. Tunaomba wakubwa wa masomo waibandike sheria hii ukutani, karibu na saa za mitihani, pahali ambapo kila mtu anasoma hata asipotaka.

Sasa, tufanye nini njiani? Hatupendi kutoa orodha kama ya dukani. Tutasema namna tulivyojaribu.

Mmoja wetu alisimamishwa juma lililopita. Aliposimamishwa alisimama kweli, hakukimbia. Mikono yake ilionekana. Alisema, "Jambo, papa. Habari ya kazi?" Polisi alishangaa kidogo, akajibu, "Ya jua tu." Akaonyesha karte ya masomo. Polisi akasema haitoshi. Mwenzetu akauliza polepole, "Papa, naomba kujua kosa yangu ni gani, niambie baba nyumbani." Hakusema "haki zangu," neno hilo linawasha moto upesi. Aliuliza kosa. Polisi akasema hakuna kosa, ni kuangalia tu. Basi akaangalia. Halafu akasema, "Na ya maji?" Mwenzetu akacheka, akajibu, "Papa, niko mwanafunzi, maji ninayo ya kunywa, haya," akamtolea chupa yake. Polisi akanywa maji. Wakaagana.

Haitakuwa hivi kila siku, hilo tunalijua. Siku nyingine maji yatamwagwa na kofi litafuata. Ukikutana na mtu amelewa na ana bunduki, usimfundishe Katiba. Toka na uzima wako, kumbuka saa, pahali na namba ya kifuani ikiwa inaonekana, uwaambie wazazi na prefe usiku uleule. Kisha watu wazima wapeleke neno kwa mkubwa wake ao kwa prokirere, kwa maandiko. Wengi wetu tunaishia kuhadisia tu kalasini, na hadisi haifiki mezani kwa mtu.

Katika masomo haya tunasoma habari za Paulo kila mwaka, lakini sehemu moja tunaipita mbio. Alipofungwa kamba ili apigwe, hakutukana wala hakupigana. Alimwuliza yule ofisa swali moja, kama sheria inaruhusu kumpiga Mrumi asiyehukumiwa, na watu wakaacha. Na siku iliyofuata, alipomjibu mkubwa mmoja kwa ukali, alirudisha neno lake. Sisi tunapenda nusu ya kwanza ao nusu ya pili, kadiri ya upande tuliosimama.

Na ninyi baba zetu mapolisi, kwa kuwa tunajua gazeti hili linaingia katika nyumba zenu ndani ya mifuko ya watoto wenu: hatuwaombi makubwa. Mtusalimu. Mtuambie kosa kwa Kiswahili. Mkituandika amandi, mtupe karatasi. Mkimshika mtoto, mwandike jina lake na mtume mtu kwao. Na mwenzenu akipiga mtu aliyekwisha kufungwa mikono, msiangalie upande wa ziwa.

Kijana na binti walikutana mbele ya mlango wa biblioteki juma nne iliyopita, sisi tulikuwapo. Kijana alisema, "Sikusema juu ya papa yako." Binti akajibu, "Ulisema wote." Kijana akafikiri, akasema, "Ndiyo, nilisema wote. Ilikuwa kosa. Lakini ule wa usiku, sitamusamehe." Binti akasema, "Ule, hata miye." Hawajawa marafiki. Binti amerudi katika kiti chake.

Tumemwomba prefe aandike barua kwa komisaria, ofisa mmoja aje ajibu maswali ya wanafunzi siku ya posho, hapa katika chumba kikubwa. Barua imeandikwa, inangoja sahihi. Wenye maswali wayaandike juu ya karatasi, bila matusi, wayatie katika sanduku la gazeti mbele ya siku ya tano. Majina si lazima.

Sisi waandishi wa gazeti, kalasi ya tano